Namba Nyekundu kwenye Tembe la Mzee Magawa

Tangu nimerudi, kila ninayekutana naye hapa Makole ana habari yake. Mmoja anasema Landrova yangu imechomwa moto, na huku ameiegemea. Mwingine anasema nilifungwa kamba na Wagogo wenzangu kwa kosa la kumbeba Mzungu. Wa tatu simtaji, yuko pale kwa fundi cherehani kila asubuhi, huyo anasema nimezalisha mwanamke kwa mikono yangu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeandika. Someni, mkimaliza mniache nifanye kazi.

Mnajua sikusoma. Darasa la tatu niliingia, sikutoka nalo. Lakini niliuza chumvi kwa baiskeli wakati wengine wanaogopa kuitwa walanguzi, ndiyo maana hadi leo naitwa Mzee Chumvi, na miaka ya ruksa ilipokuja nikanunua gari kwa jasho langu. Si la urithi, si la shirika. Kwa hiyo mkiona mwandiko umepinda, vumilieni. Habari yenyewe imenyooka.

Makole hadi Buigiri

Aliyenikodi ni Dokta Hanne. Anatoka chuo cha utafiti cha ng'ambo, chenye wasomi wa mataifa mengi, na kazi yao ni kuchunguza nchi za watu: wanakula nini, wanahama kwa nini, wanauza nini tangu biashara ifunguliwe. Hawatibu, hawachimbi visima. Wanauliza.

"Na mkishauliza?" nilimwambia tukiwa bado hatujatoka mjini.

"Tunaandika, mzee wangu."

"Na mkishaandika?"

"Tunarudi kuuliza tena."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilidhani ananidhihaki. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kijiji tulichokuwa tunakwenda alishafika mara moja na gari la chuo chao, akachora ramani akaondoka. Sasa alikuwa anarudi kuwahoji watu, na lile gari lao limelala gereji. Kiswahili alijifunzia Unguja, anakisema kwa kukipamba, "naam" na "tafadhali" kila baada ya maneno mawili.

Tulizunguka kupitia Buigiri kumchukua mkalimani. Huyu ni Mwalimu Ndahani, Mgogo wa kule kule tulikokuwa tunakwenda. Macho yake hayaoni tangu utotoni, alisoma pale Buigiri shule ya wasioona na akabaki kuishi jirani. Kazi yake kwa Dokta ni kusikiliza kanda za mazungumzo ya wazee na kuzipiga chapa kwa Kiswahili. Alituweka sana. Alikuwa anapiga pasi shati, tena pasi ya mkaa, na hakutaka kuharakishwa.

Alipopanda akavuta pumzi. "Mzee Chumvi, gari hili lina harufu ya mbuzi."

"Ni mbuzi waliolipa nauli."

"Basi nawaheshimu," akasema, akajipangusa, tukaondoka.

Buigiri hadi Mvumi

Tairi lilipasuka kwenye mchanga, nikaziba, likapasuka tena. Mvumi tulifika tumechelewa na tuna njaa ya kugombana. Tukaingia mgahawa wa mama mmoja karibu na njia ya hospitali. Ugali wa uwele, mlenda, na karanga juu yake. Dokta anakula mlenda vizuri, nampa haki yake, ila unamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Yule mama akatuuliza tunaelekea wapi. Nikamwambia.

"Ala! Kule? Juzi wamepita hapa watu wa kule wanauza mbuzi kama wanatupa. Hata majike yenye mimba."

Mimi mfanyabiashara. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba nimechelewa soko. Cha pili kikanikata hamu. Mgogo hauzi mbuzi jike mwenye mimba. Akiuza, anaondoka na hajui kama atarudi.

Mwalimu Ndahani naye alisimamisha tonge. "Dokta, mara ile ulipofika kijijini, ulifanya nini hasa?"

"Nilichora ramani ya nyumba zote. Kisha nikapiga kura nyumba zipi nizihoji, maana siwezi kuhoji zote. Ndivyo tufanyavyo. Zilizopata, nikazitia alama zisinipotee."

"Alama gani?"

"Namba. Kwa rangi, ukutani."

"Rangi gani?" nikauliza mimi.

"Nyekundu. Ili ionekane kwenye vumbi."

Ndahani akalirudisha tonge kwenye sahani. "Kanda zako zote nimezisikiliza, Dokta, hata ile yenye sauti za kuku tupu. Rangi haisikiki kwenye kanda."

Ikabidi nimweleze mimi, maana yalinipata. Zile zama za kuhamishiwa vijijini, kwetu walitangulia watu wenye makopo ya rangi. Walifika kwa upole, wakaandika namba kwenye ukuta wa tembe letu, wakanywa maziwa, wakaaga. Halafu ikaja Landrova ya kusoma zile namba. Halafu lori. Baba yangu alipakiwa na milango yake na mawe ya kusagia, akashushwa kwenye uwanda usio na mti mmoja wa kivuli. Mtu wa umri wangu akiona namba nyekundu kwenye udongo haulizi ya nini.

Dokta akasukuma sahani. Hakumaliza chakula. Akasema twende, twende sasa hivi, na kwa mara ya kwanza hakusema tafadhali.

Mvumi hadi kijijini

Jina la kijiji sitaji. Wenyewe wamechoka kutajwa. Ni kusini ya Mvumi, upande wa kuelekea Mtera, pale barabara inapogeuka kuwa njia ya ng'ombe.

Tuliingia mchana na hakuna mtoto aliyelikimbilia gari. Niliwasalimu kina mama kisimani, "Mbukwenyi!" Wakajitwisha ndoo, wakatupa visogo. Na zile namba niliziona. Zimeandikwa safi, zimenyooka, kubwa kama za kaburi. Nyumba hii ina namba, mbili zinazofuata hazina, ya nne inayo. Kwenye namba kumi na saba mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngozi na zizi liko wazi, tupu.

Wanaume wakatuzunguka kimya kimya. Mmoja akapitisha mkono dirishani akachomoa ufunguo.

"Mzee, shuka."

"Nishuke niende wapi? Gari langu hili."

"Ndiyo maana tunalitaka. Safari hii hatuhami sisi. Mtahama ninyi."

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene wa shati la kitenge, akasogea mbele. "Mwambieni Mzungu atutajie jina la mwekezaji. Tunataka kujua shamba ni la nani kabla ya kufukuzwa."

Dokta alishuka. "Ndugu zangu, naomba radhi. Hapana mtu yeyote atakayehamishwa."

"Wa kwanza naye alisema hivyo hivyo," mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, "tena kwa Kiswahili kizuri kuliko hicho."

Mwingine akamkamata jirani yake shati. "Na kwa nini mimi nimeandikwa na huyu hakuandikwa? Kawapa nini?"

"Sijampa mtu kitu! Mimi mwenyewe nashangaa!"

Wakataka kupigana. Dokta akajaribu kuwaeleza ile kura, vikaratasi, bahati. Afadhali angenyamaza. "Kumbe mmetuchezea bahati nasibu!" wakapiga kelele, na mtu mmoja akapiga boneti la gari langu kwa fimbo. Alama ipo hadi leo, njooni muione, lakini si ya moto.

Hapo ndipo mama mmoja alipopenya katikati yao, kanga imemdondoka begani hajali. Jina lake Mama Debora.

"Acheni bahati nasibu! Mwanangu yuko porini na mimba ya leo au kesho!"

Binti yake, Loisi, ameolewa na Yeriko, kijana anayeuza mitumba Dar es Salaam. Baba mkwe wake ni Mzee Magawa, mwenye ile nyumba namba kumi na saba. Jana yake alfajiri mzee alifungua zizi, akaswaga ng'ombe kuelekea Mtera, akasema hatakaa kungoja lori mara ya pili. Loisi akamfuata, maana mkwe wa kike habaki nyumbani peke yake baba mkwe anapohamisha kaya. Na mtoto wa kwanza Loisi alimpoteza nyumbani, mwenyewe akaponea chupuchupu. Mvumi walimwonya wazi: huyu wa pili asizaliwe popote ila hospitali.

"Gari hili hapa," Mama Debora akasema. "Mpeni huyu mzee ufunguo."

"Likitoka halirudi," akasema mwenyekiti.

"Basi mwanangu afe mkiwa mmelishika gari?"

Wakabishana wao kwa wao, kwa Kigogo, na Mwalimu Ndahani akawa anamnong'oneza Dokta kila neno. Dokta akasogea mbele ya mwenyekiti. "Mimi nitabaki. Mpeni ufunguo."

Nikamvuta pembeni. "Dokta, hawa wana hasira."

"Hasira hii nimeileta mimi, mzee wangu." Akakaa chini kwenye vumbi, mbele yao wote.

Nakwambieni, walikuwa tayari kumrarua, lakini kuna mama aliingia ndani akatoka na kigoda, akamwekea. Mgeni hakai chini hata akiwa mateka. Nikarudishiwa ufunguo.

Nyuma ya ng'ombe

Nilifuata kwato. Mbele amekaa Ndahani, nyuma Mama Debora ameshika bomba la kiti cha mbele kwa mikono miwili. Miiba inakwaruza mabati, mchanga unavuta magurudumu, na joto ni lile la kabla ya mvua linalokunyima hata mate. Mahali fulani kwato zikatawanyika kwenye mawe. Nikasimama.

"Mwalimu, unasikia chochote?"

"Nasikia gari lako, Mzee Chumvi. Zima injini."

Nikazima. Tukasikia wote watatu: kengele za ng'ombe, mbali kidogo, bondeni.

Walikuwa kwenye mto mkavu. Ng'ombe wamesimama vichwa chini, wanangoja. Mzee Magawa amefukua shimo mchangani hadi kiunoni na maji yaliyopatikana hayajazi kibuyu. Loisi ameegemea kichuguu, amekunja ncha ya kanga ameiuma kwa meno. Mama yake aliruka gari halijasimama.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Ni mkubwa kwangu.

Hakuitikia. Mnajua maana yake mzee wa kwetu akikataa kusema marahaba. Alitoka shimoni, akachukua mkuki wake, akaja akasimama mbele ya boneti.

"Hata huku mmenifuata? Basi waandikeni na ng'ombe namba kabisa."

"Hakuna lori, mzee. Yule Mzungu alitaka kukuuliza maswali tu. Alikosea kuweka alama."

"Wa kwanza nao walikosea?"

Nikapandisha sauti. Mnanijua. Nikamwambia sisi pia tulihamishwa, baba yangu alikufa akiulizia kivuli chake. Nami nilitoka pale uwandani nikaenda mjini kwa miguu. Leo nina nyumba Makole, na mlangoni ina namba, nimeipigilia msumari mwenyewe, na sijafa.

Mzee Magawa akaniangalia tangu viatu hadi kofia.

"Yako uliifuata," akasema. "Yangu imenifuata."

Nikavua kofia, nikaikung'uta vumbi.

Loisi akalia, sauti ya chini, ndefu. Mama Debora akamwinua, akamweka kwenye gari mwenyewe, kisha akaja akasimama kifua kwa mkuki.

"Baba Yeriko, sogea. Wa kwanza tulimzika tukiwa tumekaa nyumbani kwa heshima zetu. Huyu simziki kwa ajili ya rangi."

"Gari la namna hii lilimchukua kaka yangu mgonjwa," mzee akasema. "Lilisema linarudi."

Ng'ombe wanapumua. Mimi nilikuwa naangalia ule mkuki na kioo cha gari. Ndahani akafungua mlango wake, akashuka, akapapasa boneti hadi alipomfikia.

"Mzee Magawa, mimi Ndahani. Sauti yangu unaijua. Waache waende, nibaki mimi. Huku porini bila gari siendi popote. Lisiporudi, mtu unaye."

Mzee alimtazama yeye na lile shati lake la pasi.

"Utakula nini?"

"Utakachokula wewe."

Akasogea.

Mto mkavu hadi Mvumi

Hiki ndicho kipande nisichopenda kukisimulia. Tulinasa mchangani palepale kabla hata hatujatoka bondeni. Mzee Magawa alikata matawi kwa shoka akayatandika chini ya magurudumu, akasukuma. Tukatoka. Baada ya hapo tukawa watatu tu na njia.

Nilikuwa nimeacha mateka wawili. Dokta kijijini, Ndahani mtoni. Na mzigo niliobeba ulikuwa unalia kila gari linaporuka. Springi likikatika hapa, nikawaza, wanakufa watu wengi kuliko waliomo garini.

"Babu," Loisi akaniita katikati ya uchungu, "usiendeshe taratibu kwa ajili yangu."

"Siendeshi taratibu kwa ajili yako. Naendesha taratibu kwa ajili ya springi."

Akacheka. Halafu akapiga yowe, na mama yake akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukoroma ili asimsikie. Aliimba ubeti ule ule hadi Mvumi. Mimi sikuzoea kusali, lakini nilikuwa naitikia.

Jua lilikuwa linazama tulipoingia hospitali. Wakampokea mbio, kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa.

Nesi akaniuliza, "Wewe ni mumewe?"

"Mimi ni dereva."

"Dereva gani machozi yanamtoka?"

"Vumbi," nikasema.

Walimpasua. Mtoto tulimsikia kabla ya kumwona, wa kike, ana sauti ya mnada. Lakini Loisi hakuamka. Damu ilikuwa imemtoka nyingi. Wakasema tungoje. Ningeweza kugeuza gari nikapeleke habari ya mtoto, lakini ningekwenda kumwambia nini yule mzee, kwamba nimemrudishia nusu? Nikangoja. Mama Debora kwenye benchi hakuimba tena.

Kulipopambazuka Loisi alifumbua macho. Akaomba uji. Nesi akaniruhusu nichungulie, nikamwona mtoto kando yake, na kwenye kifundo cha mkono, hapa pa saa, amefungwa kipande cha plasta. Kimeandikwa namba. Kwa kalamu nyekundu.

Ni utaratibu wao, wasichanganye watoto. Najua. Nikaenda kujaza petroli.

Kurudi

Niliwakuta mtoni walipokuwa. Shimo limeongezwa kina, ng'ombe wamekunywa kidogo. Ndahani shati limekuwa rangi ya mto. Wote wawili walisimama waliposikia injini.

"Wa kike," nikasema. "Mama yake ameomba uji."

Mzee Magawa akakaa chini kwenye mchanga, ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba. Hakulia. Alichota mchanga akaumwaga, akachota tena.

"Limerudi," Ndahani akamwambia.

"Naliona."

Nikamwomba apande. Akakataa, hawezi kuacha ng'ombe. Akarudi nao kwa miguu, Ndahani ameshika ncha ya fimbo yake, na mimi na Landrova yangu nyuma ya mikia, gia ya kwanza, kama ndama aliyechelewa.

Kijijini tulimkuta Dokta ana udongo hadi mabegani. Ile rangi ilikataa kutoka kwa maji, ikakataa kwa mchanga. Akina mama ndio wakamwonyesha: bandua udongo wote wenye namba, kanda mwingine na kinyesi cha ng'ombe, kandika upya. Alikuwa amezunguka nyumba zote zilizoandikwa. Vidole vimechubuka. Mwenyekiti, aliyemteka, alikuwa anambebea maji.

Mzee Magawa alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Akaweka kiganja kwenye kiraka kibichi.

"Nani amekandika hapa?"

"Mimi, mzee," Dokta akasema. "Shikamoo."

"Umekandika vibaya."

Akafungua ile kamba ya ngozi, akatoa kigoda, akakaa mlangoni pake. Ng'ombe wakaingia zizini wenyewe.

"Haya. Uliza ulichokuja kuuliza."

Dokta hakutaka. Alisema si lazima, anaweza kuondoka. Mzee akampigia fimbo chini, uliza. Basi akaleta karatasi zake, akasoma swali la kwanza.

"Je, kaya hii imewahi kuhama?"

"Mara mbili."

"Kwa sababu gani?"

"Ya kwanza kawaulize wenye lori. Ya pili, andika jina lako."

Watu walikuwa wamejaa. Dokta akainamisha kichwa akaandika. Herufi nazijua, nilisimama nyuma yake. Aliandika.

Walipomaliza maswali nikaenda kuaga. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. Akainuka, akalizunguka gari langu akiliangalia, akashika mlango akaufungua mwenyewe, akapanda mbele. "Nipeleke nikamwone."

Njia nzima hadi Mvumi, Dokta na Ndahani wakiwa wamekaa nyuma, sikuwaza springi wala petroli. Niliwaza ile plasta. Niliomba nesi awe ameitoa.

Hakuwa ameitoa. Mzee Magawa alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, na kile kimkono kikachomoka kwenye kitambaa. Akaiona. Nikamwona anavyoiona. Dokta, pale mlangoni, akaficha vidole vyake vyenye udongo.

"Hii nani kamwandika?"

Loisi akajinyanyua kidogo kwenye mto.

"Niliiomba mimi, baba. Niliwaambia wafunge vizuri, nisibadilishiwe."

Mzee akatazama ile namba, kisha akanitazama mimi, macho yale yale ya mtoni.

Akaurudisha ule mkono ndani ya kitambaa, taratibu.

"Iacheni," akasema.